Kijiko Kisilie

Kila shingo iliyovunjika katika filamu ile
niliivunja mimi, Tsvetana, hapa Sofia,
kwa mabua ya seleri ninayonunua sokoni
kwa mama mmoja anayedhani napika supu kila siku.
Kacha! Askari wa kwanza.
Kacha! Wa pili.
Nilipofika wa arobaini, studio ilinukia bustani.

Mji mzima nilibomoa juu ya meza moja:
vigae vya bafuni, mchele kwenye sinia,
kabichi kwa ngumi za shujaa, tifu, tifu,
na koti la ngozi la marehemu mume wangu
likawa mabawa ya dude la sayari nyingine.
Njia mia tatu na themanini za sauti,
juu yake ngoma, juu ya ngoma tarumbeta,
juu ya tarumbeta mlipuko,
hata nyayo nilizotembea siku tatu
ndani ya buti namba arobaini na tano
zikazama chubwi, zisisikike tena.
Jina langu lilipita dakika ya kumi na moja,
baada ya wapishi, baada ya mtunza farasi,
taa za ukumbi zimeshawashwa,
mfagiaji peke yake akinisoma.

Sisemi vibaya. Filamu ile ilininunulia hita.
Baridi ya Vitosha haina utani,
na mkono mtupu haulambwi.
Tena nilicheka, nakiri, mnara ulipoanguka:
nilijua ni sanduku la mbao na maharage kilo mbili.

Kisha akaja Kalin Dragnev,
kauza gari, kaja kwa basi kutoka Smolyan,
filamu nzima ndani ya begi la mgongoni
na chupa mbili za pilipili za nyanya yake, ndiyo malipo.
"Sauti moja tu," akasema. "Nyingine ninazo."
Akanionyesha.
Bibi anaandaa meza. Anaweka vijiko viwili.
Anavitazama.
Kimoja anakirudisha.

Basi.

Hakuna muziki? Hakuna.
Hata upepo? Upepo haukuja siku ile.
"Kijiko kirudi kwenye droo," akasema, "lakini kisilie."

Kisilie!
Nilijaribu vijiko sitini na kimoja.
Cha bati kilipayuka.
Cha fedha kilijidai.
Cha mbao kilikuwa bubu, na ububu si ukimya.
Siku ya nne, nimechoka na nimekasirika,
nilivuta droo ya jikoni kwangu
ambamo kijiko cha Ognyan, mpini umepinda
(alikifanya cha kufungulia makopo ya rangi),
kimelala miaka sita chini ya vingine.
Nikakitoa. Nikakirudisha
upande wa kushoto, alivyopenda.
Mara ya kwanza sikuwasha mashine.
Mara ya pili niliwasha.

Novemba. Ukumbi mdogo, watu kumi na mmoja,
wawili wao wamekimbia theluji tu.
Ng'ambo ya ukuta, ukumbi mkubwa,
pomoni, watoto na bisi.
Bibi akaweka vijiko. Akavitazama.
Jii.
Na ndani ya jii ile ukuta ukatetemeka:
mnara wangu ulikuwa unaanguka kule,
sanduku langu, maharage yangu, kilo zote mbili.
Kalin akauma ngumi.
Nikataka kusimama niwaombe radhi, mmoja mmoja.
Lakini mshindo ukatua kama vumbi,
na bibi bado alikuwa ameshika kijiko.
Kalin, bahili wa kila kitu,
alikuwa amemwachia muda.
Kisha kikarudi.
Mzee wa safu ya tatu, aliyekuwa akifungua pipi,
aliacha, karatasi nusu.

Majina yalikuwa tisa.
Langu la sita, baada ya mbwa,
na hakuna aliyekuwa amewasha taa.